Kipande cha Meli

Mgeni akiingia uani kwetu na kuinua gunia lililokuwa pale pembeni, aliona kuku kwanza, halafu pikipiki. Kuku mwekundu wa bibi alikuwa akitaga juu ya tangi, kwenye kibonyeo kilichotokea siku babu alipoanguka na bibi njia ya Gede, ndoa yao ikiwa bado mbichi. Bibi hajasahau. "Dude hili," husema kila akipita na ungo wake, "lilinivua buibui mbele ya kadamnasi." Nilipokuwa mdogo nilidhani pikipiki ile ilikuwa na mikono.

Babu alifariki kabla sijazaliwa, na tangu hapo injini haikuunguruma tena. Ilikuwa pikipiki ya Kiingereza, ya zamani za Waingereza wenyewe, nzito kama punda aliyegoma. Ukiikanyaga kiki, kiki haishuki. Watoto wa mtaani tuliipanda tukaenda nayo Mombasa, Lamu na Makka bila kutoka chini ya gunia.

Likizo ile ya Desemba nilikuwa nimemaliza kidato cha pili. Nilirudi na ripoti ambayo mwalimu wa darasa ameandika kwa Kiingereza kwamba mtoto huyu ana akili nyingi na anazitumia vibaya. Bibi akaniambia nimsomee. Nikamsomea nusu ya kwanza. Akaniombea dua, akanikaangia samaki, nami nikamla samaki yule mpaka miba.

Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mjomba wangu na mimi. Mama yuko kazini Mombasa, huja sikukuu. Mjomba ni fundi cherehani, hushonea barazani mbele ya nyumba, pini mdomoni, futi ya kupimia shingoni. Zamani mtu wa Malindi akioa, kanzu yake ilipita mikononi mwa mjomba. Siku hizi watu wameona mitumba, na bwana harusi avaa koti lililofiwa na mwenyewe Ulaya. Kuna wiki cherehani ilikaa kimya hata buibui, yule mdudu, akaunganisha sindano na ukuta.

Kisha ikaja habari ya sare. Serikali ilikuwa imesema mwaka unaoingia kutakuwa na darasa la nane, na watoto waliokwisha kuzitupa kaptura zao za shule sasa walitakiwa warudi, wakiwa wamerefuka hadi kwenye mtambaapanya wa paa. Tajiri mmoja wa mjini, muuza vitambaa, alikuwa ameshika kazi ya sare za shule za upande wa Magarini. Alitaka fundi wa kwenda kuwapima watoto huko huko shuleni, kwa maana shule zenyewe ziko ndani, mbali na lami, na gari la abiria halifiki. Fundi awe na chombo chake. Tajiri alisoma chuo cha Kurani na babu, wakachapwa bakora moja, kwa hivyo akampa mjomba nafasi ya kwanza.

"Lakini shule zikikaribia kufunguliwa hujapima mtu," alimwambia, "nampa yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Yeye ana skuta."

Mjomba alikuja akatuambia habari hiyo akiwa amesimama, kofia mkononi. "Nikiikosa hii," akasema, "naifunika cherehani, naenda hotelini kukunja mashuka ya Wataliano."

Bibi akamwangalia, kisha akaliangalia gunia. "Msimsumbue kuku wangu," akasema. Ndiyo ruhusa yenyewe.

Fundi pikipiki wa mjini aliitwa. Akaikanyaga kiki kwa uzito wake wote, akabaki amesimama hewani kama aliyepanda ngazi. Akasema pistoni imeshikana na silinda, injini imekufa, tuiuze kwa chuma. Mjomba akamshukuru, akamnywesha chai. Alipotoka, mjomba akaingia ndani, akaja na kitambaa cheupe cha marekani, akakitandika juu ya mkeka pale uani.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sidhani limepata kuonekana gereji yoyote. Kila kifaa alichokitoa kwenye injini, mjomba alikiosha kwa mafuta taa, akakiweka juu ya kitambaa, akachukua chaki yake ya buluu na kukizungushia mstari, vile vile azungushiavyo kola na mikono ya kanzu kabla hajakata. Nati ina mstari wake, bolti ina mstari wake. Kifaa kikirudi injinini, mstari wabaki mtupu. Mistari yote ikiwa mitupu, injini imekamilika.

"Nguo na injini ni kitu kimoja," aliniambia, pini mdomoni hata pale, kwa mazoea tu. "Ni kujua kipi kinaingia wapi. Umeona lini mtu nimempa kanzu, nikabaki na mkono wake hapa?"

Kazi yangu ilikuwa kusoma. Babu aliacha kitabu cha pikipiki, cha Kiingereza, chenye michoro, na mchwa walikuwa wamekipitia kwa makini kuliko mtu yeyote wa nyumba ile. Mjomba alisoma chuo na madarasa machache ya shule; Kiingereza hakimtaki. Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikikaa juu ya debe, kitabu magotini, nikisoma sentensi na kuigeuza. Penye neno nisilolijua nilitia la kwangu. Hakuuliza. Aliniamini kama watu wanavyomwamini mtu anayewasomea barua.

Pistoni ilikataa kutoka. Tulitia mafuta taa, tukangoja, haikutoka. Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele bila kutuangalia, akasema, "Tieni mafuta ya nazi, yapasheni moto. Magoti ya marehemu yalikuwa hivyo hivyo." Tukayatia. Kesho yake mjomba aliweka gongo la mti, akaligonga kidogo, na pistoni ikashuka kwa sauti ya mtu anayemeza. Tuliangaliana. Nilitaka kupiga kelele, lakini mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, asema dua yake taratibu.

Ringi za pistoni zilikuwa zimeganda kwenye mifereji yake. Alikata vipande vyembamba vya bati kwa mkasi, akavipenyeza chini yake, akazitoa moja moja bila kuvunja hata moja. Gasketi, yaani ile karatasi inayokaa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasivuje, alizikata kwenye karatasi ngumu anayokatia mifano ya kola. Valvu alizisaga kwa unga wa msasa, akizizungusha kwa viganja kama mtu anayepekecha moto. Na sikuwahi kumwona mjomba anafurahi vile. Alikuwa akiimba, na mjomba akiimba hata kuku husogea.

Ilikuwa imebaki kurudisha tu. Na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu mzuri.

Alasiri moja mjomba akaenda msikitini. Nikaingia stoo ya bibi kutafuta kitu nisichokijua, ndivyo ninavyoanza mambo yangu mengi. Pale msumarini ilining'inia karabai ya bibi, taa ile ya kupampu, iliyoharibika siku nyingi. Ilikuwa na pete nene ya shaba yenye masikio mawili. Niliizungusha, haikutoka, nikaivuta, ikatoka, ila ncha ya sikio moja ilikatika ikabaki humo ndani, kwenye skrubu. Sikujali. Niliiosha pete kwa mafuta taa, nikaipaka mafuta machafu ya injini, nikaiweka kwenye kitambaa, kati ya vifaa vya klachi, mahali penye nafasi. Nikachukua chaki ya buluu. Nimechora ramani ya Afrika mara nyingi na mwalimu wa jiografia amesema yangu hufanana na kiazi, lakini mstari ule niliuchora vizuri, hata ile sehemu iliyokatika niliifuata.

Mpango wenyewe ulikuwa mdogo. Injini itafungwa, kipande kitabaki, mjomba atajikuna kichwa, mimi nitacheka, atanikimbiza na rula yake ya mbao mpaka barabarani, bibi atasema "mwache mwanangu", tutakula. Nilikwisha kukiona kila kitu. Hata rula niliisikia.

Mjomba akarudi, akakaa chini, akaanza. Mistari ikawa mitupu mmoja baada ya mwingine. Mimi juu ya debe, nasoma, tumbo lanicheka. Alipokaza bolti ya mwisho alijifuta mikono kwenye kikoi chake kibovu, akageuka kukiangalia kitambaa.

Hakujikuna kichwa. Alikaa. Alikaa juu ya mbuzi ya bibi, ile ya kukunia nazi, na meno yake yalikuwa juu, wala hakuyasikia.

"Kimebaki," akasema.

Nikafungua mdomo nicheke.

"Nami nilimwambia mama nitaweza," akasema, si kwangu, kwa kitambaa.

Kicheko kikarudi kilikotoka. Ungekuwa mwaka mwingine, ningekuwa mtoto mwingine, ningesema pale pale. Lakini bibi alikuwa amekwisha kutokea mlangoni.

"Mbona umekaa kama uliyefiwa? Na ni mbuzi hiyo."

Mjomba akainuka. "Si kitu, mama. Nimeruka mahali."

Kisha akanigeukia, akaniletea kile kipande kwenye kiganja chake, kama mtu anayemwonyesha daktari jino. "Hebu kitazame kitabuni, hukaa wapi hiki."

Nilifunua kitabu. Nilipita michoro yote, taratibu, nikiweka kidole kama msomi. Nikafika kwenye ukurasa ambao nusu yake ilikuwa tundu. "Ukurasa wenyewe umeliwa na mchwa, mjomba," nikasema. Mchwa hawakuwepo kujitetea.

Akaifungua injini yote tena.

Mtu akitaka kujua adhabu ni nini, amkabidhi spana mtu anayetafuta mahali pa kitu kisicho na mahali. Mjomba alikijaribu kipande kile kwenye klachi, kwenye gia, chini ya valvu. Alikigeuza kila upande. Gasketi zilichanika, akakata nyingine. Kijana mmoja alileta kitambaa cha kanzu ya harusi, kazi ya kwanza kwa siku nyingi, na mjomba akaiangalia mikono yake myeusi hadi kwenye kucha, akamwambia ampelekee fundi wa ng'ambo. Nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa nimemshikia bibi sufuria, nakumbuka, nikaiangusha.

"Una nini wewe siku hizi?" bibi akauliza. "Hujamfanyia mtu ubaya tangu juzi. Waumwa?"

"Mimi mzima, bibi."

"Toa ulimi."

Nikatoa ulimi. Akautazama sana.

Injini ikafungwa mara ya pili, na pete ya karabai ikabaki pale pale kwenye mstari wake wa chaki, peke yake, inang'aa. Siku zilikuwa zaisha. Mjomba akasema basi, liwalo na liwe. Akatia petroli, akavua kofia, akakanyaga kiki.

Iliwaka. Si mara ya kwanza wala ya pili, lakini iliwaka. Ilipiga chafya ya moshi mweupe, ikasita, kisha ikaanza kudunda, dudududu, sauti nzito ya polepole, na kuku mwekundu akapita juu ya ukuta akaenda kwa jirani. Bibi akatoka jikoni na mwiko. Alisimama, mkono mdomoni, hakusema lolote la Gede. "Ndiyo yeye," akasema mwisho, na hakuna aliyemuuliza ni nani.

Nilimtazama mjomba nione meno yake. Alikuwa ameinama, sikio karibu na silinda, uso umekunjamana.

"Wasikia?" akaniuliza.

"Nasikia yadunda."

"Kuna kitu kinagonga. Kwa mbali."

Hakukuwa na kitu kinachogonga. Injini ile ilikuwa nzima kama siku ilipozaliwa, fundi wa mjini mwenyewe alikuja akakiri, akanywa chai nyingine. Lakini mjomba alikuwa na kipande mfukoni, kimefungwa kwenye leso, na mtu mwenye kipande mfukoni hawezi kuambiwa injini imekamilika.

Asubuhi ya kwanza alivaa shati safi, akafunga futi na daftari kwenye kikapu, akaondoka kwenda Magarini. Hata chai yangu haijapoa sawasawa, akarudi. Alikuwa amefika daraja la Sabaki, akasimama asikilize injini, akageuza. "Kesho," akasema. Kesho yake akaondoka tena, akarudi tena. Darajani.

"Hebu niambie," bibi akamuuliza wakati wa chakula, "pikipiki hiyo yaogopa maji?"

"Mama, ng'ambo ile ni msitu na mashamba. Ikinifia kule ndani, na vipimo vya watoto kikapuni, nani atanitoa? Injini ina upungufu, naujua. Nimeushika kwa mkono wangu."

Sikuinua macho kwenye sinia. Nilikuwa natoa mwiba kwenye samaki ambaye hakuwa na mwiba.

Mchana huo tajiri alimtuma mtoto wake. Mtoto akasimama barazani, akasema kama alivyofundishwa: "Baba anakusalimu sana. Anasema shule zafunguliwa wiki ijayo, na yule wa skuta amekuja kuuliza." Mjomba akajibu salamu. Kisha akachukua kifuniko cha mbao cha cherehani, kile ambacho sijapata kukiona kimetumika, akakipangusa vumbi kwa mkono, akakiweka karibu.

Kifuniko kile kilinimaliza. Nilizunguka nyumba nikijipangia maneno. Mjomba, nilikuwa natania. Mjomba, ile ni ya karabai. Ni maneno machache, hata mtoto wa chekechea anaweza. Nikaenda barazani. Alikuwa amekaa, ametoa kipande kwenye leso, anakisugua kwa kona ya kitambaa.

"Mjomba," nikasema, "kile kipande..."

Akainua uso haraka sana. "Umekiona kitabuni?"

Nasema kweli, kama angeniuliza kwa ukali ningesema. Lakini uso ule ulikuwa wa mtu aliyekuwa akinisubiri tangu asubuhi. Na mdomo wangu, uliokwisha kuzoea njia, ukasema, "Ndiyo."

Nikakimbia kuleta kitabu kabla mdomo haujajuta. Nikakifunua kwenye ukurasa wa kupaka mnyororo mafuta, nikasoma Kiingereza chake kwa sauti ya kutangaza habari, kisha nikageuza. "Kipande hiki hutiwa na kiwanda ili injini isitikisike ikiwa melini, wakati wa safari. Mwenye pikipiki akishaipokea bandarini, akitoe."

"Akitoe?"

"Akitoe. Hakina kazi nchi kavu."

Mjomba akakiangalia kipande, akaniangalia mimi, na nikaona jambo linamshuka mabegani, kama mzigo unaoteremshwa na watu wawili. Akacheka. Alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. "Kwa hivyo baba alitembea nacho umri wake wote. Injini yamfunga breki naye hajui."

"Ndiyo sababu alinitupa Gede," bibi akasema kutoka ndani.

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, mikono yake yenye harufu ya petroli, akasema, "Kusoma ni kitu kikubwa, mpwa wangu." Niliona afadhali angenipiga rula.

Asubuhi alikwenda. Pale darajani alisimama, akakitupa kipande mtoni, kisha akavuka. Alirudi alasiri, vumbi jekundu hadi kwenye kope, daftari limejaa viuno na mapaja ya watoto wa shule nzima, akizungumza kabla hajashuka. Watoto wa huko ni warefu, mwalimu mkuu alimpa dafu, pikipiki imepanda mchanga bila kukohoa. Alikwenda kesho yake shule nyingine, na nyingine. Tajiri akaleta vitambaa, majora kwa majora, na kifuniko cha cherehani kikarudi mahali pake.

Nilidhani basi. Uongo umeponya uongo, wote umezikwa Sabaki. Nilianza hata kulala vizuri.

Lakini mjomba ni mtu wa baraza, na mtu wa baraza akijua jambo, mji wajua. Kila aliyekuja kupima suruali alielezwa habari ya kipande cha meli. Fundi wa mjini aliisikia, akaifungua injini ya mteja wake kukitafuta, na nasikia hadi sasa haijafungika sawasawa. Akaja mzee mmoja kutoka Mambrui mwenye pikipiki ya rika lile lile, akanisimamisha nikitoka dukani, nami nikampa shikamoo yangu kwa adabu kuliko kawaida.

"Marahaba. Eti wewe ndiye uliyekisoma kile kitabu. Changu mimi kitakuwa upande gani?"

"Yako hawakutia, babu. Ilikuja na meli nzuri."

Akaniombea heri. Nilipofika nyumbani sukari niliyotumwa nilikuwa nimeisahau kaunta.

Sare zilikuwa nyingi, mchana hautoshi, na upande wetu wa mji umeme haukuwa umefika. Mjomba akasema ataitengeneza karabai ya mama, apate mwanga wa kushonea jioni. Alisema akiwa na furaha. Kwake injini ilikuwa imemfungulia kila kitu chenye skrubu. Nilikuwa sakafuni natoa nyuzi kwenye kaptura. Nikasema, "Mjomba, si tununue nyingine?" Akasema, "Ya nini, na mimi nipo?"

Akakitandika kile kitambaa cha marekani, mistari ya chaki ikiwa bado juu yake, kwa kuwa hakuwahi kukubali kifuliwe. Akaifungua karabai. Alasiri ilikuwa nyeupe, jua limeingia mpaka katikati ya baraza, kila kitu kinaonekana. Akakuta mahali penye upungufu. Akaingiza koleo kwenye skrubu, akatoa kitu kidogo, kama punje ya mchele: ncha ya sikio la shaba.

Aliitia kiganjani, akaigeuza. Kisha nilimwona anakitazama kitambaa. Alisogeza mkono polepole, akapita mistari ya klachi, akafika kwenye umbo moja la pete yenye masikio mawili, moja limekatika. Akaiweka ile ncha pale palipokatika.

Ilikaa.

Hakugeuka. Aliutazama ule mstari kwa muda mrefu, na nikajua anachokitazama: ni chaki yake, lakini mkono si wake. Mtu anayechora mistari kila siku ya maisha yake huujua mstari wake. Bibi akatokea kuuliza kama karabai imepona.

"Bado, mama. Imepungukiwa."

"Na nini?"

"Na kitu kilichopanda meli."

"Meli gani?"

"Muulize msomi," mjomba akasema, akakikunja kitambaa mara mbili, mara nne, akakiweka chini ya cherehani.

Bibi akaniangalia. Safari hii hakuniambia nitoe ulimi.

"Lete kitabu," mjomba akasema. Sauti haikuwa ya hasira. "Nisomee ule ukurasa."

Nilikileta. Nikakifunua, nikakifunga. "Mjomba, ukurasa huo haupo."

"Sikukuuliza kama upo. Nimekwambia soma."

Nikasoma. Nikasema habari ya kiwanda, na safari, na bandari, na nchi kavu. Mjomba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama siku ile ya pistoni. Bibi naye alikuwa amekaa kizingitini, ungo magotini, hapepeti.

"Endelea," akasema mjomba nilipofika mwisho.

"Umeishia hapo."

"Tazama vizuri. Hapana mahali palipoandikwa habari ya mtu aliyekuwa akifika darajani na kurudi? Akasimama pale juu ya maji, watu wampita kwa baiskeli, naye asikiliza injini nzima kama mwendawazimu?"

Nilitazama ule mchoro wa mnyororo. "Hapana," nikasema.

"Hapana," akarudia. "Basi kitabu chako nacho kina upungufu." Akachukua rundo la kaptura, akaliweka mbele yangu, akanipa sindano. "Vifungo."

Ndiyo yote aliyosema, na tangu siku hiyo hajaongeza neno. Mwanga ukipungua, anashona karibu na kibatari hadi macho yatoe machozi, kisha anaacha, kaptura nyingine ikiwa na mguu mmoja. Shule ya mwisho haikuwahiwa. Watoto wake wa darasa la nane walianza mwaka na kaptura zao za zamani, zimepasuka wanapoketi, na tajiri alikuja kusema maneno yake barazani nami nikiwa pale, nashona. Mjomba akapokea, akasema kosa ni lake, mwanga ulimpungukia.

Nilikata uzi kwa meno, nikajikata mdomo.

Siku mbili kabla sijarudi shule, kwa kuwa sekondari yetu ilifunguliwa baadaye, yule mzee wa Mambrui alikuja tena, na safari hii alikuwa na rafiki yake, naye ana pikipiki. Walikaa barazani, wakaamkiana na mjomba, wakaulizana afya na watoto, kisha rafiki akasogea mbele.

"Fundi, nimeambiwa habari ya kipande cha meli. Wasema wenyewe hakina kazi. Mimi nataka kukitoa changu, lakini nihakikishe kwanza."

Mjomba alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake, bila haraka.

"Mimi Kiingereza sijui," akasema. "Ndiye huyu mpwa wangu asomaye. Msomee mzee wako."

Wazee wawili wakanigeukia, nyuso zao zimetulia, mikono juu ya bakora zao. Mjomba hakuniangalia. Alikuwa ameshika gurudumu la cherehani, lakini halizungushi. Anangoja, naye, asikie leo kitabu kitasema nini.

Nikaweka sindano chini, nikachukua kitabu, nikakifunua kwenye ukurasa wa kupaka mnyororo mafuta.